Majibu ya utafiti wa Mto Zigi yarudishwe Muheza, tena kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalohusu Mto Zigi, mto unaoshuka kutoka misitu ya Amani na kulisha bwawa la Mabayani, ambalo tangu lilipojengwa mwaka 1978 ndilo tegemeo kubwa la maji ya bomba katika jiji la Tanga. Silalamiki kwamba mto huu haufanyiwi utafiti. Unafanyiwa, tena mara nyingi; maji yake yamechotwa, udongo wa kingo zake umechimbwa, vyura na vinyonga wa msitu wake wamehesabiwa. Ninacholalamikia ni kwamba majibu hayarudi kwa watu wanaokaa kandokando yake, na machache yanayorudi huja katika lugha ambayo mzee wa kijiji hawezi kuisoma wala kuisikiliza.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mzaliwa wa wilaya ya Muheza, na marehemu baba yangu alikuwa msoma kipimo cha mto. Vijana wa leo huenda hawaijui kazi hiyo, kwa hiyo niieleze. Kwenye ukingo ulisimikwa ubao wa chuma uliopakwa rangi nyeupe, wenye mistari myeusi ya sentimita, na kazi ya baba ilikuwa kushuka mtoni saa 3 asubuhi na saa 10 jioni, kila siku ya Mungu, sikukuu na siku za msiba zikiwemo, kutazama maji yamefika mstari gani na kuandika katika daftari. Mwisho wa mwezi alinakili tarakimu zote kwenye fomu na kuituma. Masika yakipamba moto alikuwa akishuka na fimbo ndefu na kamba kiunoni, na mimi au kaka yangu tukishika ncha ya pili ya kamba tukiwa juu kwenye mteremko. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 ziliung'oa ubao huo ukaenda na maji. Baba aliendelea kuandika kwa miezi mitatu akitumia alama alizozichonga kwa kisu kwenye mzizi wa mkuyu, mpaka alipoambiwa kwamba tarakimu zisizo za ubao hazipokelewi. Ubao mwingine haukuletwa.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ndani yake mna somo zima la namna mto unavyojulikana. Kina cha maji kwenye ubao peke yake hakielezi mto unabeba maji kiasi gani. Ni lazima mafundi waje mara kadhaa, wakati wa kiangazi na wakati wa mafuriko, wapime upana na kina cha mto kutoka ng'ambo hii hadi ile, na wapime mwendo wa maji kwa kifaa chenye panga dogo linalozungushwa na mkondo. Wakishapata vipimo vya kutosha huweza kuchora mstari unaolinganisha kina na wingi wa maji, na kuanzia hapo kila tarakimu iliyoandikwa na msoma kipimo hugeuka kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Mto ukihamisha mchanga wake, mstari huo lazima uchorwe upya. Hii ni kazi ya subira, haina picha nzuri ya kuweka gazetini, lakini bila hiyo mengine yote ni kubahatisha, maana masika yaliyopita bila kupimwa hayarudi yakapimwe.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka mtu anayechukua maji mtoni kwa shughuli kubwa awe na kibali, na inatambua kwamba sehemu ya maji lazima ibaki mtoni kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na uhai wa mto wenyewe. Ni sheria nzuri na naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini atakayejua ni maji kiasi gani yaachwe ni yule anayejua mto hupungua kiasi gani mwezi wa Februari, vuli ikiwa imekwisha na masika bado, tena si Februari ya mwaka mmoja bali ya miaka ishirini au thelathini mfululizo. Ndiyo maana daftari la msoma kipimo nalihesabu kuwa chombo cha sayansi sawa na darubini ya maabara.

Wasomaji wengi wa Tanga mjini hulijua tope la Zigi kwa kuliona kwenye ndoo. Mvua ikinyesha Amani leo, maji ya mto hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na mitambo ya kusafisha hulazimika kutumia dawa nyingi zaidi ili tope lizame. Bibi zetu walifanya vivyo hivyo kwa shabu ndani ya mtungi. Sababu za tope hilo zinaeleweka. Milima ya Usambara Mashariki ni miamba ya kale sana, iliyogeuzwa kwa joto na mgandamizo ndani ya dunia, na juu yake pamelala udongo mwekundu wenye kina kirefu. Amani hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Msitu ukiwa mzima, matone huvunjwa nguvu na majani, yakapokewa na takataka za msitu, yakanywewa na udongo taratibu na kutokea chini kama chemchemi. Mkulima akifyeka vichaka vya chini ili apande hiliki, mtu wa mbali bado ataona miti mirefu na kusema msitu upo, kumbe zulia lililokuwa likipokea mvua limeshaondolewa. Tope linaloondoka pale ni shamba la mtu mmoja linalokwenda kujaza bwawa la watu wengine.

Maji hayohayo yakifika nyanda za chini hukutana na mwamba wa namna nyingine kabisa, mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari enzi za Jura, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Mvua huchukua hewa ya ukaa angani na kwenye udongo, ikawa na ukali kidogo, na ukali huo mdogo ukifanya kazi kwa muda mrefu sana huyeyusha chokaa na kuchimba mapango. Mapango ya Amboni, ambayo kila mtoto wa shule wa Tanga amewahi kupelekwa, ni kazi ya maji. Niliwapeleka wanafunzi wangu pale mara nyingi, na kila mara niliwaonyesha popo darini na kuwaambia wanusie hewa, kisha nikawaeleza kwamba mwamba wa aina hii hauchuji maji kama mchanga unavyochuja. Maji hupita kwenye nyufa na mashimo, na uchafu unaomwagwa juu unaweza kufika kisimani haraka. Kwa mkazi wa mji unaopanuka juu ya chokaa, habari hii inahusu choo anachochimba na kisima anachochota.

Sasa nije kwenye kilichonisukuma kushika kalamu. Miaka kadhaa iliyopita walikuja kijijini kwetu vijana watano wa utafiti, wastaarabu, wamebeba barua yao ya kibali yenye mihuri yote inayotakiwa. Walisalimia wazee, wakasaini kitabu cha wageni, wakashuka mtoni, nami nikafuatana nao. Walikuwa na chupa ndogo zilizobandikwa karatasi zenye namba, na deli lenye barafu la kuzihifadhi. Mmoja alisimama katikati ya mkondo akiwa ameshika wavu, akawa anasugua mawe kwa miguu ili vilivyojificha chini yake vichukuliwe na maji viingie wavuni, kisha akamimina yote kwenye sinia nyeupe. Nimeishi na mto ule tangu utotoni, lakini siku ile ndiyo niliyoona kwa mara ya kwanza watoto wa kereng'ende wakitambaa kwenye sinia, wenye taya la kukunja kama mkono, na wadudu wengine waliojijengea vijumba vya punje za mchanga zilizogandishwa pamoja.

Kijana yule alinieleza kwa heshima, akaniita mzee wangu, kwamba wadudu hao ni mashahidi. Chupa ya maji husimulia mto ulivyokuwa dakika ile ilipojazwa. Mchafuzi akimwaga uchafu wake usiku na mtafiti akachota asubuhi, chupa haitasema kitu. Lakini mdudu ameishi pale kwa wiki au miezi. Wako wasiovumilia maji yenye upungufu wa hewa, na wako wanaostawi hata kwenye uvundo, hivyo ukiwajua waliopo na waliotoweka unajua hali ya mto kwa muda wote huo. Njia hiyo haihitaji mashine ya gharama. Nilisimama pale nikiwaza kwamba watoto wa darasa la sita wangeweza kuifanya kila muhula, kwa chandarua kikuukuu na sinia la ugali.

Tukiwa pale alishuka bibi mmoja na ndoo. Akawasalimu, akatazama chupa, akauliza, "Wanangu, haya maji tunywe au tusinywe?" Yule kijana akajibu, "Bibi, majibu yatatoka maabara, tutawaletea." Sina shaka alisema kweli ya moyo wake. Bibi yule alifariki mwaka juzi bila kujibiwa. Nilikwenda mwenyewe kuulizia kwenye ofisi moja inayohusika, nikaambiwa ripoti imeshakabidhiwa ngazi za juu na kwamba imeandikwa kwa Kiingereza. Nilipoomba kuiona nikaombwa barua. Nilipopeleka barua nikaambiwa nirudi wiki ijayo. Nimerudi wiki nyingi.

Swali la bibi lilikuwa na uzito kuliko mtu wa mbali anavyoweza kudhani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachimbaji wa dhahabu walivamia misitu ya Amani, mahali penye vyanzo vya mto huu, na uchimbaji mdogo wa dhahabu mara nyingi hutumia zebaki kukusanya chembe za madini. Zebaki haiyeyuki ikapotea. Huzama, hushikana na tope, na vijidudu vya ndani ya tope huigeuza ikawa sumu inayoingia mwilini mwa samaki, kisha kwa samaki mkubwa anayemla mdogo, kisha kwa mlaji. Maji yanaweza kuwa meupe kama machozi na tope la chini likawa na habari nyingine. Kwa hiyo kijiji kinastahili kuambiwa si kwamba maji yalipimwa tu, bali kilichopimwa ni maji, tope au samaki, na lini.

Wenzetu wa mashamba ya mkonge wana swali lao pia. Katika jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Yaliyobaki ni nyama ya jani na maji, ambayo korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi, ikishasaga hutiririka yakiwa machungu na yenye kuchacha. Nikiwa kijana nimeona kijito kilichopokea maji ya korona kikibadilika rangi kuwa kijani kichafu, ng'ombe wakisogea, wakinusa, wakigeuka, na samaki wakielea matumbo juu. Samaki wale hawakufa kwa sumu kama tulivyodhani. Mabaki yale ni chakula cha bakteria, na bakteria wakiongezeka humaliza hewa iliyomo ndani ya maji, samaki wakakosa pumzi. Aliyeelewa hivyo anaelewa pia kwamba mabaki hayo yana nguvu ndani yake, na ndiyo sababu pale Hale palijengwa mtambo wa kuyageuza kuwa biogesi na umeme. Maarifa ya namna hii yakimfikia mkulima na mwenye shamba kwa pamoja, ugomvi wa miaka unaweza kugeuka kuwa mazungumzo.

Mkoa wetu una historia ndefu ya kutoa maarifa yakaenda mbali. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa viumbe na kilimo pale Amani mwaka 1902. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1892, mtawala wao wa wilaya, Walter von Saint Paul-Illaire, alichukua karibu na Tanga mmea mdogo wenye maua ya zambarau unaoota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu, na leo unauzwa ndani ya vyungu katika maduka ya Ulaya na Marekani kwa jina linalotokana na lake, Saintpaulia. Mwituni ua lile linategemea kivuli cha mti na ukungu wa kijito, yaani linategemea mambo yaleyale yanayotegemewa na bwawa la Mabayani. Muulize mwanafunzi wa Muheza kama amewahi kuonyeshwa ua hilo. Mimi nilifundisha zaidi ya miaka thelathini na ni wachache mno waliokuwa wakilijua.

Hata hivyo sitaki nionekane kana kwamba sijaona mema. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa pwani ya Tanga walianza kuwapata kwenye majarife yao samaki wa ajabu wenye mapezi kama viungo, silikanti, ambao wanasayansi waliwahi kudhani wametoweka tangu zama za dinosaria, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Baba yangu mdogo, mvuvi wa Kigombe, hajasoma zaidi ya darasa la nne, lakini ukimuuliza atakueleza kwamba silikanti hukaa kwenye kina kirefu na mapango ya chini ya bahari, kwamba hafai kwa kitoweo, na kwamba jarife likishushwa sana ndipo huingia. Anayajua hayo kwa sababu watu walikaa naye chini ya mwembe na kumweleza kwa Kiswahili, naye akawaeleza anayoyajua yeye kuhusu mikondo. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilipotangazwa mwaka 2009 palikuwa na manung'uniko, na mengine yapo hadi leo, lakini ubishi ule ni wa watu wanaojua wanachobishania.

Vivyo hivyo katika bonde la Zigi upo umoja wa wakulima wanaohifadhi mazingira, UWAMAKIZI, na mamlaka ya maji ya Tanga mwaka 2024 iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati za kukopa fedha kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua miundombinu yake. Walionunua hatifungani hiyo wanapewa hesabu na taarifa, na ndivyo inavyopasa. Mkulima aliyeacha kulima mita 60 za ukingo wa mto ni mwekezaji pia, naye ana haki ya kuona kama tope limepungua tangu alipoacha.

Nimewahi kuambiwa na mtaalamu mmoja kwamba mambo haya ni magumu mno kwa wanakijiji. Nakataa. Mvuvi wa Pangani anajua bamvua, bahari inapojaa na kutoka sana, na maji mafu, inapojaa na kutoka kidogo, kwa kutazama mwezi, anajua siku gani maji ya chumvi yatapanda mtoni na yatafika wapi, na ameona kwa macho yake chumvi ikipanda zaidi kadiri maji ya juu yanavyopungua. Mkulima wa Amani anatofautisha mvua ya vuli, ya masika na ya mchoo kwa harufu ya udongo. Watu hao hawatashindwa kuelewa mstari unaoonyesha tope likipanda na kushuka kwa miezi kumi na miwili. Wengine husema istilahi hazipo. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na mahakama, na majaji wanaandika hukumu kwa lugha hiyo. Ripoti ya kurasa mbili kuhusu kijito haiwezi kuwa ngumu kuliko hukumu ya ardhi.

Rai yangu kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo hutoa vibali vya utafiti, ni kwamba kibali cha kufanya utafiti kijijini kiambatane na sharti la kurudisha muhtasari wa Kiswahili katika kijiji hichohicho, ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa serikali ya kijiji na usomwe kwenye mkutano mkuu. Muhtasari useme wazi kilichopimwa, mahali, tarehe, kilichoonekana na kisichojulikana bado, na kama kuna hatari, mtu afanye nini kesho asubuhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa mwananchi haki ya kupata taarifa za mazingira. Sharti hili lingeifanya haki hiyo ishuke kutoka kwenye kitabu cha sheria. Fedha za kazi hiyo ziwekwe kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo, kama zinavyowekwa za mafuta ya gari.

Na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo Zigi imo chini yake, naomba vituo vya kupimia vilivyokufa vifufuliwe, wasoma kipimo walipwe ujira unaoeleweka, na tarakimu za kila mwezi zipelekwe kwenye jumuiya za watumia maji na kwenye shule za jirani. Vifaa vya kujirekodi vyenyewe ni vizuri, lakini huibiwa na huharibika. Mtu anayeishi pale na kuupenda mto bado anahitajika.

Madaftari ya baba ninayo, kumi na moja, yamefungwa kwa nailoni ndani ya sanduku la bati, pamoja na yale ya miezi mitatu ya mzizi wa mkuyu. Mkuyu ule bado umesimama na alama zake zinaonekana, kwa hiyo fundi mwenye vifaa vyake anaweza kupima kimo cha alama hizo na kuzifanya tarakimu zile zitumike. Niko tayari kuyakabidhi madaftari yote bure kwa taasisi yoyote ya umma itakayofungua tena kituo hicho, kwa sharti moja tu, kwamba nakala ibaki katika maktaba ya shule ya msingi ya kijiji.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Muheza, Tanga